Mche wa Asili Umepauka, Umekuwa Mwekundu au Umeungua: Ni Baridi au Ni Jua?

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Mei hadi Agosti, simu yangu hujaa picha za majani. Anayetuma ameotesha au amenunua miche ya miti ya asili, ameipanda huku juu kwenye baridi, nyanda za juu kusini mwa Tanzania: Njombe, Makete, Mufindi, wengine upande wa Rungwe, na sasa anaona mambo hayaendi. Ujumbe nao ni ule ule: "Baridi imeniulia miche."

Mimi si mtu wa maabara. Nina kitalu kwenye mita 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na nimeua miche mingi kuliko wengi wanaoniuliza. Ninachoweza kusema ni kwamba mara nyingi baridi haikufanya kazi hiyo peke yake. Ilisaidiwa na jua la asubuhi, na jua hilo mara nyingi tumelikaribisha wenyewe.

Kabla ya kutafuta kosa, elewa jiko

Usanisinuru, yaani jinsi jani linavyojipikia chakula kwa mwanga wa jua, una hatua mbili. Ya kwanza ni kunasa mwanga: klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, inapokea jua na kuligeuza kuwa nishati. Ya pili ni kupika: vimeng'enya, wapishi wa jani, vinatumia nishati hiyo kutengeneza sukari, malighafi yake ikiwa maji na ile hewa ya kaboni dayoksaidi inayoingia kwenye vitundu vya jani, yaani stomata. Hatua ya kwanza haijali baridi. Klorofili hunasa mwanga kwenye nyuzi 2 kama inavyonasa kwenye nyuzi 25. Ya pili inajali sana. Baridi ikizidi, vimeng'enya hulegea, na jani lililolala kwenye baridi huchelewa kufungua stomata.

Mfikirie mama ntilie aliyewasha mkaa, moto umekolea, sufuria iko jikoni, lakini mchele haujafika. Moto haumsubiri mtu. Sufuria tupu itaungua. Jani lililopoa usiku kisha likapigwa na jua kali saa mbili asubuhi liko hivyo hivyo: nishati inaingia, mapishi hayajaanza, na nishati ya ziada inageuka kuwa sumu ndani ya jani, inavunja protini zile zile zinazonasa mwanga. Jani lina njia za kujiokoa. Hutoa nishati ya ziada kama joto, hujipaka rangi ya kujikinga, na hukarabati protini zilizovunjika kila siku. Ila ukarabati nao unahitaji joto, kwa hiyo siku za baridi uharibifu hulimbikizana.

Ndiyo maana mwaka huu baridi ile ile inaweza kuua miche ya jirani na kuiacha yako. Anga lake lilikuwa wazi, la kwako lilikuwa na ukungu. Kenya wanalijua hili vizuri: Kinangop au Molo, baridi ya Julai yenye mawingu hukuvalisha koti lakini haichomi sana majani. Sakitu ya huko, yaani barafu ya usiku, huja zaidi Januari na Februari, usiku mkavu wenye nyota, na mchana wake ni jua tupu. Januari 2012 ndivyo mashamba ya chai ya Kericho na Nandi yalivyoungua. Sisi wa nyanda za juu kusini, usiku wa namna hiyo ni wa Juni hadi Agosti.

Kifaa kimoja nakusihi ununue kabla ya dawa yoyote: kipimajoto kinachoonyesha joto la chini kabisa la usiku. Kifunge kwenye kijiti kwa urefu wa mche, si ukutani wala kichwani kwako. Usiku wa anga wazi, jani hutoa joto lake kuelekea angani na linaweza kupoa nyuzi kadhaa chini ya hewa inayolizunguka. Simu itakuandikia nyuzi 4, na asubuhi utakuta nyasi nyeupe.

Dalili ya kwanza: majani yamepauka, yamekuwa ya manjano-meupe

Hili ndilo linaloongoza, na chanzo kinachoongoza ni hiki: mche umetolewa kivulini ghafla.

Chini ya msitu mnene, mwanga unaofika ardhini huwa kama sehemu 1 au 2 tu kati ya 100 za ule ulio juu ya vilele. Jani lililokulia humo, au chini ya kichanja chenye nyasi nene, ni jembamba, pana, limejaza mitego ya kunasa mwanga kidogo uliopo, na lina vimeng'enya vichache kwa sababu hakukuwa na cha kupika. Lipeleke shambani siku moja, na limekwisha.

Kipimo chake ni rahisi. Tafuta mahali jani moja limelalia jingine, inua la juu. Kama la chini lina umbo la jani lililochorwa kijani, na pembeni pote ni peupe, jibu unalo: ni mwanga. Njaa ya udongo haichori kivuli.

Cha kufanya: rudisha kivuli cha nusu leo hii, si Jumamosi. Jani lililokuwa la manjano kidogo linaweza kurudi kijani ndani ya wiki chache. Lililokuwa jeupe kama karatasi au lililokauka kahawia halirudi, liache lidondoke lenyewe. Usiongeze mbolea. Mche usioweza kupika hauna haja ya kuni zaidi.

Kuzoesha miche kunataka wiki sita au zaidi, na kuanze Machi au Aprili, usiku ukiwa bado na joto. Wengi hupunguza nyasi za kichanja kidogo kidogo, ni sawa. Mimi naongeza jambo moja: fungua upande wa magharibi kwanza. Miche ipate jua la alasiri, jani likiwa limeshapata joto na mapishi yanaendelea. Upande wa mashariki uwe wa mwisho kufunguliwa.

Si miti yote inalalamika sawa. Podo na mkulo ni wa kivulini wakiwa wadogo; ukiwapanda kwenye uwanja wazi wa baridi unawaonea. Mdobore (Hagenia abyssinica) anataka jua na huota vizuri pale msitu ulipofunguka. Prunus africana, ambao Wachaga huuita mkondekonde, Wahehe mwiluti na Wakikuyu muiri, uko katikati: unapenda mwanga, lakini utotoni unashukuru ukipata mti wa kuuegemea.

Chanzo cha pili, hasa kwa miche iliyokwisha kupandwa: baridi ya usiku na jua la mapema. Hapa mpauko uko upande mmoja. Simama mashariki mwa mche uutazame, kisha zunguka magharibi. Ukiwa na sura mbili, mwizi ni jua la asubuhi. Dawa yake nimeieleza chini, kwenye sakitu.

Cha tatu ni udongo. Majani ya chini, yaliyozeeka, yanapokuwa ya manjano sawasawa bila kujali yapo jua au kivuli, naitrojeni imepungua. Majani machanga yakiwa ya manjano na mishipa ikabaki kijani, uliza kwanza: umeweka majivu? Watu wanamimina majivu kwenye viriba kama chumvi kwenye mboga. Majivu yakizidi hufunga chuma kisipatikane, na mche unapauka huku umeshiba.

Cha mwisho, nadra lakini kipo: dawa ya magugu iliyopeperuka kutoka shamba la jirani. Ikiwa aina tatu tofauti za mimea, pamoja na magugu ya pembeni, zimepauka au kupinda wiki ile ile, acha kukisia. Usikate kitu, piga picha, mwite mtaalamu.

Dalili ya pili: ncha zimekuwa kama zimechemshwa, kisha nyeusi

Mkulima wa viazi haelezwi hii. Asubuhi jani liko kama mchicha uliotolewa kwenye maji moto, limelegea, linang'aa. Kesho yake ni jeusi. Kamusi inaita sakitu au jalidi, wengi wetu tunasema tu barafu imeshuka. Maji yaliyo nje ya seli huganda kwanza, yanavuta maji yaliyo ndani, seli inakauka na kupasuka.

Angalia kwa mpangilio huu.

Mahali kwanza. Hewa baridi ni nzito na hutiririka usiku kama maji. Hujaa kwenye mabonde, nyuma ya kuta, nyuma ya ua uliofumwa. Tembea shambani saa kumi na mbili asubuhi ukiwa umevaa kandambili, miguu itakuonyesha dimbwi la baridi liko wapi. Kama miche iliyoungua iko yote bondeni na ya mteremkoni imepona, tatizo ni eneo. Toboa ua upande wa chini ili baridi ipite iende zake. Pale chini kabisa usirudie kupanda mkulo wala mringaringa.

Kisha uliza miche ilikolelewa. Joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Miche iliyotoka kitalu cha mita 1,200 ikapandishwa hadi 2,200 umeishusha nyuzi sita ndani ya safari moja ya pikapu. Na kama mbegu zenyewe zilitoka kwenye mti wa chini, hata kuizoesha kuna kikomo chake.

Kisha mbolea. Ukitia urea Aprili au Mei, mche unatoa majani laini ya kijani kibichi wakati ule ambao ungekuwa unajikomaza. Hayo ndiyo ya kwanza kuungua.

Kisha matandazo, na hapa najua nitabishiwa. Nyasi kavu zilizotandazwa kuzunguka mche hutunza unyevu, kweli. Lakini usiku wa anga wazi hufanya kazi ya blanketi lililowekwa upande usiofaa: zinazuia joto la ardhini lisipande kumfikia mche, na juu yake ndipo sakitu hulala vizuri. Udongo mtupu wenye unyevu hupokea jua mchana na kurudisha joto usiku. Miezi ya sakitu mimi husogeza matandazo nusu mita kutoka shina, namwagilia mchana, saa saba au nane, ardhi inywe joto. Mvua zikikaribia naurudisha mzigo wote.

Sasa kufunika. Funika kwa gunia, shuka kuukuu au mikeka, juu ya vijiti ili kitambaa kisiguse majani, na pindo lishuke hadi ardhini, kwa sababu unachokusudia ni kunasa joto la udongo. Nailoni ikigusa jani, pale palipogusa pataganda.

Na kufunua. Hapa ndipo nilipopata somo langu, na lilinigharimu. Mwaka mmoja nilikuwa na mistari minne ya Prunus, miche ya kimo cha goti. Usiku ule kipimajoto kilishuka hadi sifuri na kidogo chini yake. Magunia yalikuwa juu. Saa moja kasoro asubuhi nikaamka, jua linachomoza, anga safi, nikafurahi, nikafunua mistari mitatu kwa mikono yangu. Mstari wa nne ulikuwa wa kijana wangu, naye alikuwa amelala. Alifunua saa nne, nikamsema sana. Siku ya tatu mistari yangu ilikuwa imepauka upande wa mashariki, siku ya sita kingo za majani zimekauka kahawia, na zaidi ya nusu ya ncha zilikufa. Mstari wa mvivu ulikuwa kijani. Magunia yalikuwa yaleyale, miche ilikuwa ya mbegu moja, na usiku ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa saa tatu za jua juu ya majani yaliyokuwa bado yamepoa.

Tangu siku hiyo tunafunua saa nne. Ukungu ukiwepo unaweza kufunua mapema, mwanga wake ni laini.

Kwa miche iliyotawanyika shambani huwezi kupeleka magunia. Chomeka matawi au vipande vya mianzi upande wa mashariki wa kila mche, vimeegemea kidogo, viukinge hadi kama saa nne. Matawi ya miwati yanafaa na yako kila mahali Njombe, ila hakikisha hayana maganda ya mbegu, usije ukapanda miwati ukiwa unalinda podo. Nchini Australia, utafiti uliochapishwa 1991 kuhusu Eucalyptus pauciflora, mkaratusi wa milima ya theluji, ulionyesha jambo hili hili kwa njia ya asili: miche yake ilikuwa mingi zaidi upande wa kusini wa mti mkubwa, ambao kwa kule ndio upande wa kivuli.

Baada ya kuungua usifanye haya: usimwagie maji ya moto kuyeyusha barafu, usikate ncha nyeusi siku hiyo hiyo, usitie mbolea. Ncha iliyokufa bado inakinga macho yaliyo chini yake dhidi ya usiku unaofuata. Subiri Septemba. Kwaruza gome kwa ukucha kuanzia juu kushuka. Palipo kijani ni hai, kata juu kidogo ya hapo. Mche uliokauka hadi shingoni bado unaweza kuchipua chini, hasa Prunus, hivyo usiung'oe kwa hasira.

Dalili ya tatu: majani mekundu au ya zambarau

Hapa mara nyingi kazi yangu ni kumtuliza mtu.

Kama wekundu uko kwenye majani machanga tu, na yale yaliyokomaa ni kijani, huenda hakuna tatizo. Mzambarau wa porini (Syzygium guineense) hutoa majani mapya mekundu kama divai na ndivyo ulivyoumbwa. Rangi hiyo ni mwavuli: inapunguza mwanga unaofika kwenye klorofili wakati jani bado halijui kupika.

Kama majani yaliyokuwa kijani Mei yamekuwa na rangi ya zambarau Juni, upande wa juu, hasa yale yanayotazama jua, mche umejivika mwavuli huo kwa sababu ya baridi pamoja na mwanga. Inua jani la juu uone lile la chini yake kama nilivyoeleza. Mahali pa kivuli patakuwa kijani. Weka kinga ya mashariki, usifanye kingine. Joto likirudi Septemba au Oktoba, kijani kinarudi.

Kama zambarau iko kwenye majani ya chini, ya zamani, pamoja na yaliyo kivulini, fikiria fosforasi. Lakini angalia: mizizi iliyo kwenye udongo baridi hushindwa kuchukua fosforasi hata kama ipo. Kwa hiyo mwezi wa saba usikimbilie duka la pembejeo. Pima udongo baada ya joto kurudi ndipo uamue.

Na kama wekundu uko kwenye tawi moja tu, kuna kitu kinachobana tawi hilo. Fuata tawi hadi shinani utafute waya, kamba ya kibao cha jina, au tundu la funza.

Dalili ya nne: mche umesinyaa asubuhi na udongo umelowa

Mtu akiona mche umesinyaa anamwaga maji. Tia kidole kwanza. Ukiwa umelowa hadi kifundo cha pili, weka debe chini.

Chanzo cha kawaida ni mizizi baridi. Viriba vilivyopangwa juu ya ardhi hupoa usiku kuliko bustani yenyewe. Asubuhi jua linavuta maji kwenye majani, mizizi iliyopoa haiwezi kuyapandisha kwa kasi hiyo. Subiri. Mche ukisimama tena kufikia saa nane mchana, ni hiyo. Sogeza viriba vikae vimebanana, zungushia udongo au vumbi la mbao pembeni mwa safu ya nje, na mwagilia mchana badala ya jioni. Maji ya jioni ya Julai ni kumvalisha mtoto soksi mbichi akalale.

Usiposimama kufikia jioni, toa mche mmoja kwenye kiriba, mmoja tu. Mizizi iliyozunguka chini kama waya wa kitanda maana yake ulichelewa kuihamisha. Mizizi ya kahawia, laini, inayovuliwa ganda ukiivuta na kunuka vibaya, imeoza. Tenga safu hiyo, acha kumwagilia, na usihamishie udongo wake popote. Uozo ukionekana kwenye zaidi ya miche michache, mwite afisa ugani kabla hujanunua dawa. Dawa za kuvu hazifanani, na isiyo sahihi ni pesa iliyotupwa na sumu iliyobaki kitaluni.

Dalili ya tano: kijani kizuri, lakini haukui

Kwanza angalia kalenda. Kati ya Juni na Agosti mche wa huku juu husimama, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Pili angalia jina. Podo ni podo. Usimpime kwa mkaratusi.

Vikiondoka hivyo viwili, chanzo kikubwa ni kivuli kilichozidi. Mche ni mrefu mwembamba, umeegemea upande mmoja, nafasi kati ya jani na jani ni kubwa. Chini ya msitu miche huishi kwa vipande vidogo vya jua vinavyopita kati ya majani, dakika chache hapa, dakika chache pale, na vipande hivyo ndivyo vinavyoleta sehemu kubwa ya chakula chake cha siku. Kaa chini karibu na mche wako tangu saa nne hadi saa tisa siku ya jua. Kama hukuona kipande hata kimoja kikiugusa, pogoa tawi moja la juu, upande wa magharibi au kaskazini; kwa sisi tulio kusini mwa ikweta, jua la Juni liko kaskazini. Usifungue kote kwa mkupuo, utarudi kwenye dalili ya kwanza.

Kipimo cha ndani zaidi kwa anayetaka kujua kama jani linapika kweli ni kile cha shuleni, cha wanga. Chuma jani moja saa kumi jioni na jingine kabla ya jua kuchomoza. Chovya kwenye maji yanayochemka, kisha lipashe ndani ya spiriti hadi rangi itoke, suuza, dondoshea iodini. Tahadhari: spiriti hushika moto haraka. Zima jiko kabisa, kisha weka chombo cha spiriti ndani ya sufuria ya maji moto. Usiiweke kwenye moto wenyewe, na watoto wakae mbali. Jani la jioni lisilogeuka bluu-nyeusi halipiki, hata kama ni kijani. Jani la alfajiri lililo jeusi tii limepika lakini sukari imeshindwa kusafiri kwa sababu ya baridi au kwa sababu mizizi imebanwa. Linganisha na jani la mche mzima wa aina hiyo hiyo, la sivyo kipimo hakina maana. Watafiti wana kifaa kidogo kinachobana jani na kusoma mwanga hafifu linaourudisha. Jani lenye afya lililopumzika gizani husoma karibu na 0.83, na likishuka sana chini ya hapo mitego yake imeumia. Ukibahatika kukipata, pima alfajiri.

Chanzo cha mwisho ni udongo mgeni kwa mti. Podo na jamaa zake wanaishi kwa ushirika na kuvu wa mizizini. Konzi ya udongo wa juu kutoka chini ya mti mzima wa aina hiyo, ikichanganywa kwenye kiriba, inaweza kuamsha mche uliolala mwaka mzima. Chukua konzi, usichukue toroli, na usichukue chini ya mti mgonjwa.

Dalili ya sita: mtarakwa umekauka kahawia kuanzia ndani

Hii naiweka hapa kwa sababu kila mtu anaisingizia baridi. Mtarakwa (Juniperus procera) unaistahimili baridi ya milimani kuliko wengi. Ukianza kukauka ndani ya matawi kuelekea nje, pangua matawi uangalie kwa karibu. Ukikuta wadudu wadogo wa kijivu-kahawia wamejipanga kwenye vijiti, utomvu unaonata na ukungu mweusi kama masizi, hao ni vidukari wa misipresi, walioonekana Malawi 1986 na kufika Kenya kufikia 1990. Hushambulia zaidi misipresi ya kigeni lakini mtarakwa nao hauponi. Usipulize dawa peke yako, ripoti.

Acha hapo, mwite mtaalamu

Usiendelee kujaribu ukiona haya: gome linatoa utomvu au linachanika kwa urefu, zaidi ya robo ya kitalu imeharibika ndani ya wiki moja, tatizo linasogea mstari hadi mstari hata usiku usio na baridi, maana baridi haiambukizi, mti mkubwa unakauka kuanzia kileleni, hasa karibu na nyumba au njia ya umeme. Mti mkubwa usiupande wala usiukate mwenyewe. Kuna hatari ya shingo yako, na miti ya asili ina vibali vyake: kwa Tanzania ni Sheria ya Misitu ya 2002, anzia kwa afisa misitu wa wilaya au ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Maswali ya kitaalamu ya miche huenda TAFORI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu), na wadudu au magonjwa mapya TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu). Walio Kenya waende KFS, KEFRI na KEPHIS kwa mpangilio huo huo.

Unapokwenda, usibebe jani moja lililooza ndani ya mfuko wa nailoni. Beba tawi lenye sehemu nzima na sehemu mbovu, limefungwa kwenye gazeti, picha za mche kutoka mashariki na magharibi, na daftari lako la joto la usiku kwa wiki mbili zilizopita. Andika pia saa uliyofunua magunia.